Rangi kwa Ajili ya Wageni

Wodi ya Wazazi
3 Machi

Mdogo wangu Rula,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu una tabia ya kuniambia "Dada, nipo kikaoni" mara tu ninapofika kwenye jambo lenyewe. Karatasi haina kikao. Utaisoma mpaka mwisho.

Wiki iliyopita tumepokea majibu kutoka kwenu makao makuu. Ombi letu la fedha za dharura za kukarabati jengo la wazazi limekataliwa. Sababu, nanukuu: "Timu ya ukaguzi haikuona athari yoyote inayohatarisha watumiaji wa jengo." Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Mara ya nne nilitafuta kiti.

Hawakuona? Ufa unaanzia kona ya dirisha la chumba cha waliojifungua, unashuka nyuma ya vitanda vinne mpaka sakafuni. Mfereji ulio nje ya ukuta huo ulipasuka mwaka juzi, na kila mvua ikinyesha maji yanaingia chini ya msingi. Tuna fundi wa hospitali, mtu mzima, tunamwita Fundi Kioo. Yeye hubandika vipande vyembamba vya kioo juu ya ufa kwa saruji kidogo, kimoja hapa, kimoja pale, halafu pembeni anaandika tarehe kwa penseli. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinapasuka. Tangu Januari vimepasuka kumi na moja. Kama hiyo si athari, basi mnipe kamusi yenu.

Wewe ni mhandisi katika ofisi hiyohiyo iliyotukatalia. Nataka kujua watu wako walikuja kukagua nini. Na usinijibu kwa ile methali ya ufa na ukuta. Nimeshaambiwa na kila mtu, mpaka mlinzi wa getini.

Mvua kubwa zinaanza katikati ya Aprili. Nina wazazi wanane na vichanga wanane kwenye chumba kile, na wanne wanalala kichwa kikiwa ukutani.

Dada yako,
ambaye kazini ni Matroni

*

Makao Makuu, Kitengo cha Majengo
9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, shemeji yako mzima, watoto wanakusalimu na wanauliza lini utakuja kuwagombeza.

Faili la hospitali yenu silishughulikii mimi. Niliomba mwenyewe niondolewe, kwa kuwa dada yangu anafanya kazi humo. Kwa hiyo nimelisoma kwenye meza ya jirani yangu nikiwa nimesimama, kama mtu anayeonja mboga ya wenyewe.

Dada, nimeziona picha. Ukuta unaousema ni mweupe pe. Unang'aa. Hakuna ufa, hakuna kioo, hakuna penseli. Picha ya sita inaonyesha mkaguzi ameegemea dirisha, na mkono wa koti lake una rangi mbichi. Kwenye taarifa wameandika kwamba wodi ni safi kuliko zote walizotembelea. Wamekaa humo dakika kumi, wakanywa soda, wakaondoka. Ningekuwa mimi ningeandika hivyohivyo, maana mkaguzi huandika anachokiona.

Njia imebaki moja. Kanuni za mfuko wa dharura zinaruhusu ukaguzi wa pili endapo yatatolewa maelezo ya maandishi kwa nini hitilafu haikuonekana mara ya kwanza. Mfuko unafungwa tarehe 10 Aprili. Kwa hiyo niambie waziwazi: nani aliagiza ukuta ule upakwe rangi kabla ya wakaguzi kuja?

Neno la ufa sijalisema. Umenikataza.

Mdogo wako,
Rula

*

Wodi ya Wazazi
14 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi watoto wazima. Waambie nakuja na fimbo.

Kuhusu rangi, jambo lenyewe ni dogo kuliko unavyolikuza. Lilibandikwa tangazo kwamba tutapata ugeni kutoka makao makuu, kila idara ijiandae. Hapa kwetu kujiandaa kwa ugeni ni kupiga deki, kubadilisha mashuka na kupaka rangi. Imekuwa hivyo tangu nikiwa mwanafunzi. Wodi ya wazazi imechukua kombe la usafi miaka sita mfululizo, na halijaja lenyewe.

Ukuta aliupaka fundi. Unawajua watu wa aina ile, mikono haitulii. Akiona brashi na ndoo hawezi kupita. Alibandua vioo vyake, akajaza plasta kwenye nyufa, akapaka rangi mara mbili. Nilipokuja kutazama kazi ilikuwa imeisha.

Sasa fanya unaloweza. Jana kwenye plasta mpya umetokea mstari mwembamba, palepale.

Dada yako

*

Makao Makuu
21 Machi

Dada,

Shikamoo, na upunguze presha, mambo yamekuwa mazuri. Ile aya yako kuhusu fundi nimeinakili neno kwa neno, nikaipeleka kwa mkuu wa kitengo kama maelezo ya hospitali. Ilikuwa imeandikwa vizuri, sikuwa na la kuongeza. Amekubali. Wakaguzi watarudi tarehe 2 Aprili, na safari hii watakuja na nyundo.

Huyo fundi ataitwa kujieleza kwa kuficha hitilafu ya jengo la umma. Ni utaratibu tu.

Ila kuanzia sasa maelezo yasibadilike. Ombi likigundulika lina maelezo ya uongo linafutwa papo hapo, na muda wa kuomba upya ni kama haupo. Nakwambia kwa sababu hospitali zina midomo mingi.

Rula

*

Nyumbani
26 Machi

Kwa Matroni, Wodi ya Wazazi

Sista, habari za kazi.

Mimi nipo nyumbani tangu Jumatatu. Nimesimamishwa, mshahara umezuiwa mpaka uchunguzi uishe. Mke wangu anauliza nimeiba nini. Nimemwambia sijaiba, nimepaka rangi, na yeye haoni kama hilo ni jibu.

Ofisini walinisomea maandishi. Yalisema mikono yangu haitulii, nikiona brashi na ndoo siwezi kupita. Karani alicheka. Mimi niliyatambua maneno hayo, maana hapa hospitalini hakuna mwingine anayeongea hivyo.

Waliniuliza kama nilipaka, nikasema nilipaka. Waliniuliza nani aliniagiza, nikasema sikumbuki. Usidhani nilisema hivyo kwa kukuogopa. Walikuwa wameshaniambia kwamba maelezo yakigongana fedha hazitoki, na ule ukuta naujua kuliko wao.

Sasa nisikilize. Plasta niliyoweka haishiki kitu, imefunika tu. Gonga kwa kifundo cha kidole chini ya dirisha, utasikia ukuta unalia kama debe tupu. Maana yake udongo wa chini umeshaliwa na maji. Usingoje tarehe 2. Ondoa kitanda cha kwanza mpaka cha nne. Ukiweza ondoa vyote, kwa sababu boriti ya paa imelala juu ya ukuta huohuo. Ufunguo wa stoo ya vitanda upo kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana. Magurudumu ya kitanda cha saba ni mabovu, kibebeni.

Ni hayo.

Fundi

*

Wodi ya Macho, ambako sasa ndiko wodi ya wazazi
28 Machi

Rula,

Leo sina salamu.

Nilimwandikia mtoto wa mama yangu. Sikujua kwamba ninaongea na ofisi. Ungenitumia hata mstari mmoja, "Dada, haya naweza kuyapeleka mbele?", ningekuzuia. Ukanakili kisha ukanisifu kwamba nimeandika vizuri.

Lakini wewe ulinakili tu. Uongo ni wangu, na sasa nakupa ukweli wake. Mimi ndiye niliyeagiza ile rangi. Fundi alikuja mlangoni na kofia mkononi akaniambia, "Sista, hawa watu wanakuja kuangalia nyufa." Nikamwambia, "Wataziona hata zikiwa safi. Ufa si aibu, uchafu ndio aibu." Akaniuliza tena, "Nibandue na vioo?" Nikamwambia abandue, vinaonekana kama takataka. Nilikuwa na wodi yenye kombe na sikutaka wageni waone vigae vya kioo juu ya vichwa vya wazazi. Hiyo ndiyo akili niliyotumia, mimi niliyewaambia wanawake mamia kwa mamia kwamba mficha uchi hazai.

Uliponiuliza, niliona aibu. Ukubwa wangu wote, nikamsukumia mtu asiye na wa kumsemea. Niliona ni maneno ya ndugu tu, yataishia kwenye bahasha. Sasa yule mzee amekaa nyumbani bila mshahara, wamemcheka kwa maneno yangu, na bado ameniandikia kunielekeza ufunguo ulipo. Nililia, na wauguzi wakaniona.

Na wewe, kwa kuwa tunasema kweli. Mwaka jana mpwa wako alijifungulia hapa, kitanda cha tatu. Ulikuja na matunda. Uligusa vile vioo kwa kidole ukauliza ni vya nini, nikakueleza, ukasema "Huyu fundi ana akili." Kisha ukarudi ofisini kwako ukaomba usishike faili letu. Hukunidanganya popote. Ulinyamaza, ukaniachia mimi kuandika.

Nimegonga ukuta kama alivyoniambia. Unalia kweli. Jana mchana tumehamisha wazazi wote na vichanga wote mpaka wodi ya macho, na mlango wa chumba kile nimeufunga kwa kufuli. Sikuomba ruhusa, kwa sababu ruhusa hapa inachukua wiki mbili na ukuta hausomi barua.

Ninaambatanisha nakala ya barua niliyoipeleka kwa Mganga Mfawidhi leo asubuhi. Nafahamu umesema ombi litafutwa. Nimelala na jambo hilo siku mbili. Wazazi nimewatoa, kwa hiyo ukuta hauwezi tena kumuua mtu. Ila mzee bado yupo chini yake. Ukipata nafasi ya kuizuia barua hii isifike makao makuu, usiizuie.

Dada

*

Kwa: Mganga Mfawidhi
Nakala: Makao Makuu, Kitengo cha Majengo
28 Machi

YAH: KUPAKWA RANGI KWA UKUTA WENYE NYUFA, JENGO LA WAZAZI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi, Muuguzi Msimamizi wa Wodi ya Wazazi, ndiye niliyemwagiza fundi wa hospitali kuondoa alama za vioo, kuziba nyufa na kupaka rangi ukuta tajwa kabla ya ukaguzi wa Februari. Fundi alinikumbusha mara mbili kwamba wakaguzi wanakuja kuangalia nyufa hizo. Nilimpuuza.

Maelezo yaliyowasilishwa makao makuu yakimtaja yeye kuwa alifanya kwa hiari yake yametokana na barua yangu binafsi, na ni ya uongo. Naomba arejeshwe kazini na alipwe stahili zake.

Aidha, nimefunga chumba hicho tarehe 27 Machi kwa uamuzi wangu mwenyewe.

Nipo tayari kwa hatua zozote.

Matroni, Wodi ya Wazazi

*

Makao Makuu
8 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi, na pia kwa sababu nimehamishwa chumba. Nitafika huko.

Barua yako ilifika tarehe 30. Tarehe 31 ombi lenu lilifutwa, kama nilivyokuonya, na ukaguzi wa tarehe 2 nao ukafutwa. Nilikwenda chooni nikanawa uso mara mbili. Niliporudi nikaomba kanuni za mfuko nizisome zote, maana mpaka siku hiyo nilikuwa nimesoma zile kurasa tunazozitumia kukatalia watu.

Sasa sikia kichekesho. Chumba chenye wagonjwa kinahesabiwa kuwa kinatumika, na chumba kinachotumika lazima kithibitishwe na wakaguzi kwamba ni hatari. Lakini chumba cha huduma kilichofungwa kwa sababu ya ubovu wa jengo kinahesabiwa kuwa dharura tayari; kinatazamwa siku hiyohiyo na fedha zinatoka. Ile miezi yote mliyokuwa mnatuandikia kuomba, kufuli moja ingetosha. Hakuna aliyewaambia, na mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia.

Mganga Mfawidhi alituma ombi jipya tarehe 2. Niliandika maelezo yangu, kwamba niliuona ufa mwaka jana kwa macho yangu, nikavigusa vioo kwa kidole changu, nikanyamaza. Nikayaweka juu ya barua yako nikampelekea mkuu. Alisoma zote mbili. Akaniuliza kama kwetu tulizaliwa wangapi.

Jana fedha zimeidhinishwa. Msingi, ukuta, mfereji, na mihimili ya muda ya kushikilia paa. Fundi amerudishwa kazini kuanzia kesho, na mshahara wake wa siku alizokosa.

Yako hayajawa mazuri. Umeondolewa umatroni, na utahamishiwa kituo kidogo cha afya kama muuguzi wa kawaida. Kosa la kwanza ni maelezo ya uongo. La pili ni kufunga wodi bila kibali. Nilimwuliza mkuu inakuwaje wanamwadhibu mtu kwa kufuli ileile iliyowapa sababu ya kutoa fedha. Akasema hizo ni idara mbili tofauti.

Mimi nimepelekwa kwenye kumbukumbu. Napanga mafaili ya majengo yaliyokwishabomolewa. Ni kazi ya amani.

Nisamehe, Dada. Wewe uliniuliza kama ndugu, na mimi nilikujibu kama mhuri.

Rula

*

Kituo cha Afya
22 Aprili

Fundi,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo na kulifuta mara mbili kabla ya kuliacha. Umenizidi miaka kumi na mmoja. Tumefanya kazi jengo moja miaka kumi na tisa, na kila asubuhi ulinianza wewe: "Habari za kazi, Sista." Nami nikakujibu nikiwa natazama saa.

Hapa nilipo kuna vitanda sita na mlango usiofunga vizuri. Nachoma sindano za watoto, napima wajawazito, napiga deki mwenyewe zamu ikitaka. Siku ya kwanza mkuu wangu, binti niliyemfundisha kazi mimi, hakujua aniite nani. Nikamwambia aniite Sista kama wengine. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama.

Sikuja kukuaga. Nilipita karakana mara moja nikakuona kwa mgongo unanoa patasi, nikageuza njia. Nilichokufanyia nakijua. Si kwamba nilisahau au nilikosea tarehe. Nilijua ni nani aliyeagiza, nikaandika jina lako. Na yale maneno ya mikono kutotulia niliyaandika kwa sababu yalinichekesha. Hilo linaniumiza kuliko cheo.

Sikuombi unijibu. Nakuomba samahani, na nakuomba kitu kimoja kingine: mvua zimeanza huku, najua na huko zimeanza. Nitumie neno hata kwa dereva wa gari la wagonjwa, unieleze hali ya ukuta.

Sista

*

Karakana
1 Mei

Sista,

Marahaba.

Ukuta umeanguka. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, muda wa kuwaona wagonjwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Nilikuwa nje na kijana wa mkandarasi tunapima mfereji, tukasikia kama mtu anaburuta kabati. Kisha upande mzima wa dirisha ukaingia ndani. Haukumwagika kidogokidogo. Ulilala wote kwa pamoja na fremu yake.

Paa limebaki juu, kwa kuwa mihimili ya muda iliwekwa Jumapili. Wangechelewa siku mbili tungekuwa tunaongea mengine. Mfuko wa dharura wa makao makuu, safari hii, ulikuwa wa dharura kweli.

Vumbi lilipotulia nilifungua kufuli yako nikaingia. Matofali yalikuwa yamefika mpaka katikati ya chumba. Sakafuni bado kuna alama za miguu ya vitanda, unazijua. Ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zilikuwa zimefunikwa, na juu ya ya tatu palikuwa na kipande cha ukuta ambacho watu wanne hatukuweza kukisogeza. Nilitoka nikaenda wodi ya macho. Wazazi walikuwepo wanane, vichanga tisa, kwa sababu mmoja amepata mapacha. Niliwahesabu mara mbili. Muuguzi akaniuliza, "Fundi, unatafuta nini?" Nikasema natafuta soketi mbovu.

Walikuwa wanalalamika kwamba taa za wodi ya macho ni kali sana. Nimewapunguzia mbili.

Kuhusu lile lingine. Nimekusamehe mara tatu na mara mbili nimeghairi. Karani yule bado akiniona na ndoo anacheka. Usiku ule niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu habari ya ile sakafu. Ndipo akaniambia, yule mwanamke wako wa hospitali amekuchongea, lakini wale watoto amewatoa yeye. Nikamwambia yote mawili ni kweli, na ndiyo maana sipati usingizi.

Njoo siku yako ya mapumziko. Usije wodini, njoo nyumbani. Usibebe kitu. Hasira haijaniisha yote, na iliyobaki nataka nikwambie usoni, kwa sababu nikiiandika nitaisikia ikisomwa na mtu mwingine. Nikimaliza kusema, tutakula.

Fundi